Shajara ya kopo la babu: sarafu za Mjerumani na bei yake halisi, Tabora

Naandika haya kwa yeyote aliyerithi kopo la sarafu kuukuu, kisha majirani wakamwambia kakalia mamilioni. Nitaongeza kila hatua ikikamilika. Gharama ni za shilingi zetu, isipokuwa pale nitakapotaja dola.

9 Machi 2024. Kilichomo

Kopo ni la maziwa ya unga, limekaa miaka chini ya kitanda cha babu. Baba mdogo ndiye msimamizi wa mirathi, na kabla hajanikabidhi alimwaga kila kitu mkekani mbele ya ukoo, akahesabu, akaandika daftarini, tukasaini. Fanyeni hivyo hivyo. Sarafu moja ikipotea kati ya nyumbani na kwa sonara, ugomvi wake watarithi hata wajukuu. Kazi nimepewa mimi kwa kuwa nina stesheneri mjini, na stesheneri ina skana na intaneti.

Nyingi ni chenji za kawaida: senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, heller ndogo (senti za enzi ya Mjerumani) zilizolika hadi maandishi hayasomeki, moja yenye tundu na nyota ambayo nimeiweka kando. Zinazotushughulisha ni tatu:

Ya njano. Upande mmoja taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) na mwaka 1916. Upande wa pili namba 20 na neno HELLER. Kuna pia herufi T.

Nyekundu. Ni hiyo hiyo kwa sura, ila rangi ni ya waya wa umeme uliochunwa.

Rupia ya fedha ya 1892. Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, nyuma kuna simba na mnazi. Juu yake pamechomelewa kipete cha kupitishia mkufu. Bibi aliivaa shingoni.

Ukoo mzima unaamini ile ya njano ni dhahabu. Hapo ndipo naanzia.

12 Machi. Dhahabu ya Tabora ipo, ila siyo hii

Imani ya ukoo haikutoka hewani. Vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza walifunga bahari na sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikuingia tena. Serikali ya kikoloni ikahamia bara, na mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli hapa Tabora wakapiga sarafu zao wenyewe. T ni alama ya Tabora. A ingekuwa Berlin, J ingekuwa Hamburg.

Walipiga aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo amesimama mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba, na michoro ilichongwa na sonara Msinghala kutoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushee tu, na leo halisi huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya pili ni hizi za matumizi, heller 20 na pia heller 5, za brasi (shaba ya njano) na kopa (shaba nyekundu), sehemu yake ikiwa ni maganda ya makombora. Heller 100 zilikuwa rupia moja, kwa hiyo tano za hizi zinakupa rupia. Mnamo Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji na kiwanda kikaishia hapo.

Jibu la kwanza kwa hiyo halihitaji hata senti: ya kwetu haina tembo, haina tai, na imeandikwa 20 HELLER. Niliposema hivyo nyumbani, baba mdogo alinitazama kama niliyeiba. "Sasa wewe umejuaje kwa kuangalia tu? Ipime." Haya, tupime.

Na kwa mwenye tembo mkononi: usishangilie bado. Nakala za kisasa za rupia 15 zimejaa, za brasi na za chuma kilichopakwa. Halisi ina gramu 7 na ushee, upana milimita 22 hivi, na dhahabu yake ni karati 18. Ikipungua au kuzidi sana hapo, ina walakini.

17 Machi. Mizani ya jikoni imeshindwa

Sumaku kwanza, kwa sababu ni bure. Niling'oa ya spika mbovu. Hakuna iliyonasa. Hiyo inamaanisha tu kwamba siyo chuma, kwa kuwa sumaku haivuti brasi, kopa, fedha wala dhahabu. Wengi huishia hapo na kutangaza kwamba wana dhahabu.

Kipimo kinachotenganisha ni uzito wa kitu ukilinganishwa na maji kinayoyasukuma. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize ining'inie bila kugusa chini wala ukingo. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Brasi hutoa 8.4 hadi 8.7, kopa 8.9, fedha safi 10.5, dhahabu ya karati 18 kama 15.

Nilitumia mizani ya shemeji yenu, ya kupimia unga wa keki. Sarafu ilisoma 11. Kwenye maji ikasoma 1, nikarudia ikasoma 2, nikarudia ikasoma 1. Ukigawa kwa 1 unapata 11, ukigawa kwa 2 unapata 5.5. Moja inakaribia risasi, nyingine haifiki hata bati. Mizani isiyosoma chini ya gramu moja haifai kwa kazi hii hata kidogo.

Nimeagiza Dar mizani ndogo inayosoma hadi 0.01, ile ya wauza vito. 28,000, na kifurushi cha basi 5,000. Kalipa ya plastiki, ya kupimia upana, nimeipata hapa sokoni, 9,000.

24 Machi. Mapovu

Mizani imefika. Ya njano: gramu 11.34, upana milimita 29. Hapo hapo inaachana na rupia ya dhahabu, ambayo ni ndogo na nyepesi kuliko hii.

Kwenye maji ikasoma 1.49. Ukigawa, 7.61. Namba hii haipo kwenye orodha yoyote ya brasi, na baba mdogo aliyekuwa amekaa pembeni akaanza kutabasamu: "Unaona? Madini mengine hayo."

Niliichungulia kwenye glasi. Sarafu ilikuwa imevaa mapovu madogo madogo, hasa ndani ya mikunjo ya taji na kwenye matumbo ya herufi. Kila povu linasukuma maji kama vile ni sehemu ya sarafu, namba inapanda, jibu linashuka. Dawa yake: maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, tone moja la sabuni ya vyombo, na kuitikisa sarafu kidogo ikiwa tayari imezama. Ikasoma 1.34. Jibu 8.46. Nikairudia baba mdogo akiishika uzi mwenyewe, likaja lile lile.

Brasi.

Nyekundu: gramu 11.87 kwa 1.34, jibu 8.86. Kopa. Rupia: 12.31 kwa 1.20, jibu 10.26, ambalo ni la fedha iliyochanganywa, na kile kipete na lehemu yake vimelishusha kidogo. Rupia isiyo na kipete hupima gramu 11.66, kwa hiyo zaidi ya nusu gramu hapo ni kazi ya fundi.

Kama uzito wa heller 20 yako hautalingana na wangu, usihangaike. Zilipigwa kwa haraka vitani kwa madini yoyote yaliyopatikana, na hata hizi mbili za kopo moja zimepishana nusu gramu. Tegemea lile jibu la kugawa.

30 Machi. Kwa sonara

Nilitaka jicho la pili. Sonara ni mzee, nilimwamkia, nikamwonyesha ya njano. Aliigeuza mara moja.

"Shaba hii, mwanangu. Lakini kama mnabishana nyumbani, nipe niisugue kidogo ubavuni kwenye jiwe, nidondoshee tindikali, mmalize ubishi."

"Hapana mzee, naomba isiguswe."

"Kidogo tu, haitaonekana."

Wenzangu, itaonekana. Mkusanyaji wa sarafu hutazama ubavu kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama meno. Kipimo cha jiwe na tindikali kinamfaa anayekwenda kuyeyusha. Anayetaka kuuza sarafu kama sarafu asikubali, na kwa bahati kile cha maji kimeshamaliza swali lile lile bila kuacha alama.

Kuhusu rupia alikuwa mkweli: 15,000 taslimu, kwa uzito wa fedha. Aliniambia kile kipete kimechomelewa kwa lehemu nzuri, siyo risasi, na kwamba kukibandua kutaacha kovu baya kuliko kukiacha. Sikuuza. Ushauri wake ulikuwa bure, nikamnunulia mjukuu wake maandazi.

6 Aprili. Mtu wa mchele

Habari imeshatoka mtaani. Amekuja dalali dukani, shati limenyooka, simu mbili.

"Bosi wangu, nasikia una rupia. Mchele inavuta?"

Kama hujawahi kusikia: kuna imani kwamba sarafu fulani za Mjerumani zina nguvu, zinavuta punje za mchele, zinazima tochi, na kwamba kuna mnunuzi mkubwa mahali fulani anazitafuta kwa mamilioni mengi. Alinionyesha video. Sarafu ipo mezani, punje za mchele zinatambaa kuielekea kama siafu. Akasema mnunuzi yuko Dar, bei ni milioni themanini, ila kabla ya yote mtaalamu wa kipimo lazima aje, na nauli yake na "kemikali" ni 150,000 ambazo nitazitoa mimi. Zitarudishwa siku ya malipo.

Nikamwambia nitafikiria. Jioni nikafanya jaribio, nami naliandika kwa urefu kwa sababu naamini litamwokolea mtu hela.

Punje za mchele kavu kando ya sarafu zote tatu, moja moja: hazikutikisika. Nikaiacha usiku kucha chini ya glasi iliyofunikwa: ziko pale pale. Nikailowanisha sarafu: punje zikanata zilipoguswa, kama zinavyonata kwenye kidole kilicholowa. Basi.

Halafu nikaenda kwa mchomeleaji wa jirani nikaomba vumbi la chuma linalobaki chini ya mashine ya kukatia. Nikapaka punje chache gundi ya karatasi iliyochanganywa na maji, nikazigaragaza kwenye lile vumbi kidogo sana, nikazikausha, nikazipaka unga wa muhogo juu. Kwa mbali huzitofautishi na mchele mchafu kidogo. Nikaweka sarafu kwenye kava la daftari, nikapitisha sumaku ya spika chini yake.

Zikatambaa. Zilifuata kabisa, hata kona zilikata. Mwanangu wa darasa la nne alicheka hadi akakaa chini.

Nilirekodi video na nikamtumia dalali, nikamwambia nami natafuta mnunuzi wa milioni themanini. Hajarudi. Anayekuomba hela ili akupe hela, mfungie mlango hapo hapo.

14 Aprili. Ndimu na majivu

Shangazi alipanda treni kutoka Kigoma wiki ya Pasaka, akaomba akae na ile nyekundu siku chache, ni haki yake kama mrithi. Leo ameirudisha. Imefungwa kwenye leso, na nilipoifungua iliniwakia usoni kama sufuria mpya.

"Shangazi, shikamoo. Hii umeifanya nini?"

"Marahaba baba. Si ilikuwa imechakaa? Nimeisugua kwa ndimu na majivu, mnunuzi aione inapendeza."

Sikuwa na la kumwambia. Alifanya kwa moyo safi, na vyombo vya nyumba yetu vyote vimesafishwa hivyo toka enzi. Lakini nimeazima kile kioo cha fundi saa wa sokoni, cha kubana jichoni, na nimeona hasara yake vizuri. Uwanja mtupu wa sarafu, pale kati ya taji na ukingo, sasa una mikwaruzo myembamba ya mviringo, maelfu, yote ikifuata mkondo wa kidole gumba. Ncha za taji zimeviringika. Ndani ya matumbo ya herufi, ambako kidole hakikufika, bado kuna ile rangi ya kahawia ya zamani, kwa hiyo kila herufi imezungukwa na doa. Mizani inasoma 11.85. Sehemu mbili za mia za gramu zimeondoka na majivu.

Ile rangi ya kahawia inayotisha watu ndiyo ngozi ya sarafu. Hujijenga kwa miaka, na mnunuzi anaisoma kama ushahidi kwamba hakuna aliyeichezea. Ikishachubuliwa anajua mara moja, na bei hushuka.

Je, inarudishwa? Nilijaribu, lakini si kwenye ile nyekundu. Nilichukua sarafu mbili za senti kumi zisizo na thamani, nikazing'arisha kwa ndimu na majivu vile vile, nikaziweka kwenye mfuko uliofungwa pamoja na yai lililochemshwa na kukatwa nusu, kwa kuwa kuna watu wanasema hewa ya kiini hurudisha weusi. Ya kwanza niliitoa baada ya saa chache: mabaka meusi upande mmoja, upande wa pili bado inang'aa. Ya pili niliilaza humo usiku kucha: nyeusi kama masizi, inaacha rangi kidoleni, na chini ya kioo mikwaruzo ipo vile vile, sasa ikiwa na rangi. Mfuko wote unanuka. Mayai mawili 800.

Uamuzi: nyekundu inabaki ilivyo, kwenye kifuko kikavu. Hewa itaipaka kahawia tena polepole. Mikwaruzo haitaondoka.

Ukirithi sarafu chafu, la juu kabisa unaloweza kufanya ni kuilaza kwenye maji safi kulegeza udongo, kisha kuigandamiza ikauke kati ya vitambaa laini bila kusugua. Dawa ya meno, coca, ndimu, majivu, siki, brashi ya waya, vyote viache.

21 Aprili. Ncha ya L

Heller 20 za Tabora hazikutoka kwenye nyundo moja. Wakusanyaji wanazipanga kwa ukubwa wa taji, kubwa au dogo, na kwa ncha za zile L mbili za HELLER: zimejikunja au zimechongoka. Mchanganyiko mmoja ni wa kawaida, mwingine ni adimu, na bei hufuata huko. Kwa jumla za brasi zilipigwa nyingi kuliko za kopa.

Kwa hiyo picha ya kuwatumia wakusanyaji lazima ionyeshe kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Simu yenye flashi ilinipa mwezi mweupe mtupu. Simu bila flashi chini ya taa ya duka ikanipa kivuli cha mkono wangu.

Skana ilifanya vizuri kuliko nilivyotegemea, ila kwa masharti. Kwanza sarafu inanyanyua kifuniko na mwanga unaingia, kwa hiyo niliacha kifuniko wazi nikafunika kwa kanga nyeusi. Pili, taa ya skana inatoka upande mmoja tu. Kwenye picha ya kwanza ncha ya L ya pili haikuonekana kabisa, nikaandika "imechongoka". Kitu kikanisumbua, nikaigeuza sarafu robo duara na kuskani tena. Ncha ikatokea, imejikunja, na kivuli chake kinaonekana. Ilikuwa imelala sambamba na mwanga. Tangu hapo kila sarafu naiskani ikielekea pande zote nne kwa nukta 1,200 kwa inchi, kisha nazitazama kwa pamoja.

Na picha moja ya dirishani, asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, sarafu juu ya kitambaa cheusi. Hiyo ndiyo inayoonyesha hali ya uso, maana skana hulainisha mikwaruzo na mnunuzi ataona umemficha.

Matokeo: ya njano ina taji dogo na L zilizojikunja. Si ya kutupwa, wala si ile inayomfanya mkusanyaji apige simu usiku. Kioo cha fundi saa nimekirudisha na soda, 1,000.

4 Mei. Bei inayoombwa na bei inayolipwa

Wiki hizi nimekuwa nikitafuta bei. Bando 10,000.

Kuna bei za matangazo, ambazo mtu yeyote anaandika anachoota. Nimekuta heller 20 kama yetu imetangazwa milioni hamsini, na nyingine sawa na hiyo dola kumi na tano. Ya milioni hamsini bado ipo. Kwenye minada na masoko ya mtandaoni kuna kichujio cha vilivyokwisha kuuzwa. Kibonyeze hicho, mengine yaache. Hapo utaona heller 20 za brasi zilizotumika zikienda kwa dola makumi kadhaa, zilizosuguliwa zikienda chini ya hapo, na zenye uso mzima usio na alama zikipanda mara kadhaa.

Nilituma picha kwa wakusanyaji wachache, mmoja wao Mjerumani. Wote walikaribiana. Ya njano kati ya dola 25 na 40. Nyekundu, ambayo kabla ya ndimu ingezidi ya njano, sasa nusu ya hapo au pungufu. Rupia, kwa sababu ya kipete, si ya mkusanyaji tena, ni fedha kwa gramu. Mmoja aliongeza kwamba rupia zilizogeuzwa vidani amezizoea, nyingi zimepita shingoni kwa mtu kabla ya kumfikia.

Niliwaza pia kuipeleka ya njano kwenye makampuni ya Marekani yanayokagua sarafu na kuifunga kwenye kasha lenye daraja la ubora. Ada, kutuma na kurudisha vinazidi bei ya sarafu yenyewe. Kwa rupia 15 ya tembo ningesema kimbia kafanye. Kwa hii, hapana.

Jambo la sheria, kwa kuwa nimeulizwa sana dukani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Zetu ni za 1892 na 1916. Hata hivyo mwenye nia ya kupeleka nje ya nchi aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kwa maandishi, na abaki na jibu. Na ulichokichimba ardhini ni habari nyingine kabisa, usikichanganye na cha kopo la babu.

19 Mei. Mauzo

Baba mdogo aliitisha kikao. Niliweka mezani mizani, glasi, picha zilizochapwa na karatasi ya bei zilizouzwa. Swali la kwanza lilikuwa la binamu yangu mkubwa: "Na wale wa milioni themanini?" Nikawaonyesha mchele. Swali likafa.

Rupia haikujadiliwa sana. Mashangazi walisema kilichovaliwa shingoni na mama yao hakiendi kwa sonara, na wanaume wakanyamaza. Imekwenda kwa shangazi mkubwa, imeandikwa daftarini.

Nyekundu ilipata mtu wa 30,000. Shangazi wa Kigoma akakataa, akasema kama imeharibiwa na yeye basi ahesabiwe yeye, na kwamba inapendeza. Amekatwa 30,000 kwenye fungu lake la mirathi na amerudi nayo.

Ya njano imenunuliwa na mkusanyaji wa Dar aliyekuwa akipita kwenda Kigoma kwa treni. Tulikutana stesheni, jengo lile la Mjerumani, naye alifurahi kuliko ilivyostahili kwamba anainunulia karibu na karakana ilikotoka. Alikuja na kioo chake. Akatazama ubavu kwanza. Akatazama zile L. Akaniuliza kama imewahi kusafishwa, nikamwambia hapana, na akaniambia ameshaona kuwa haijasafishwa, alitaka tu kujua kama mimi ni mwongo. 95,000, kwa simu, mbele ya baba mdogo.

Gharama zote hadi leo: mizani 28,000, kifurushi 5,000, kalipa 9,000, bando 10,000, vifuko vya kuhifadhia 2,500, mayai 800, soda ya fundi saa 1,000, bodaboda 6,000. Jumla 62,300. Maandazi ya mjukuu wa sonara sijayahesabu. Ukitoa kwenye 95,000 inabaki 32,700 ya kugawana, na tuko wengi. Mizani na kalipa vimebaki dukani, na sasa napimia watu: anayeleta sarafu moja hulipa 2,000, mchele ni bure.

Anayetaka kuiga kwa gharama ndogo aruke mizani, atafute sonara mwenye ya 0.01 akubali kumkopesha dakika kumi, abebe glasi yake na uzi wake. Hilo lingenipunguzia zaidi ya nusu.

25 Mei. Bado

Ile yenye tundu na nyota nimeiskani. Ni ya Kongo ya Wabelgiji, ambao mwaka 1916 waliuteka mji huu na Kigoma, na huenda ndivyo ilivyoingia kwenye kopo. Mwaka wake haujasomeka bado, kuna uchafu mgumu kwenye namba ya mwisho. Iko kwenye maji safi tangu jana. Nikiipata namba nitaiandika hapa pamoja na uzito.